Bibi anasema Shirazi, kitabu kinasema hapana: niandike nini?

"Shikamoo Mwalimu. Nakusanya mapishi ya familia yetu tuchape kitabu kidogo cha kugawana sisi kwa sisi. Upande wa mama tunatoka Kilwa, upande wa baba Bukoba. Nilitaka dibaji fupi ya asili yetu, nikanunua vitabu vitatu vipya, na sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Cha kwanza kinasema miji ya pwani ilijengwa na Waafrika watupu, na habari za Washirazi waliotoka Uajemi ni hadithi za kujikweza. Bibi mzaa mama, ambaye maisha yake yote amejiita Mshirazi, alinuna nilipomsomea. Cha pili ni cha mapishi. Kinasema mahindi, mhogo, pilipili, nyanya, ndizi, hata nazi, vyote vimeletwa. Nikijumlisha, sibaki na pishi hata moja la asili. Cha tatu ni cha sheria, kinasema mila nyingi tunazoziita za mababu zilitungwa na wakoloni. Hicho nilikipenda, maana baba alifariki mwaka jana na baba zangu wadogo wanasema kwa mila ya Kihaya binti hapati kibanja, yaani shamba la migomba, cha ukoo. Nimwamini nani? Nimwambie bibi kwamba alidanganywa? Na hicho cha sheria naweza kwenda nacho kwenye kikao?"

Marahaba, dada, na pole sana kwa kuondokewa na baba. Nitangulize majibu mafupi, kwa sababu mojawapo ya maswali yako lina haraka. Bibi hakudanganywa, wala hakukudanganya. Mapishi ya asili unayo tele. Kitabu cha sheria kimekufungua macho, na hilo ni jema, lakini kwenye kikao cha ukoo kuna hoja yenye nguvu zaidi yake. Nitaifikia.

Naona kinachokusumbua zaidi ni wazo kwamba kitabu kipya kikitoka, yote yaliyosemwa kabla yake yamefutika. Wasomaji wengi huingia hapo, hasa pale jalada linapoahidi ukweli uliofichwa. Tafsiri mpya ya historia mara nyingi haifuti ya zamani. Inauliza swali ambalo ya zamani haikuuliza, au inaleta ushahidi ambao haukuwepo, na wakati mwingine inasukumwa na siasa za zama zake. Kazi ya msomaji ni kutambua ni lipi kati ya hayo linatendeka katika kitabu alichoshika. Kilwa ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu historia yake imegeuzwa na kugeuzwa tena katika umri wa bibi yako mwenyewe.

Habari ya Washirazi wa Kilwa tunayo katika maandishi mawili ya zamani: historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na simulizi la Kireno ambalo João de Barros alilichapa mwaka 1552. Yote mawili yanamtaja mgeni wa ukoo wa Shiraz aliyefika kwa jahazi na kukinunua kisiwa kwa nguo. Kumbuka yaliandikwa baada ya Wareno kuupora mji huo mwaka 1505. Watu walioporwa mji wao wana sababu ya kuandika kwa makini nani alitawala na kwa haki gani. Masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani yanaongeza jambo ambalo watafiti wengi walilipita haraka: mzee mwenyeji, Mrimba, alimwoza mgeni binti yake, na mtoto wa binti huyo ndiye aliyekuja kutawala. Mshike Mrimba, tutamrudia.

Neville Chittick, Mwingereza aliyefukua Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapa matokeo yake mwaka 1974, aliangalia zaidi kilichokuwa kikionekana: misikiti ya mawe, vigae vya Uajemi na China, sarafu. Ukitazama mawe na bidhaa za ng'ambo, utaona wageni. Akahitimisha kwamba mji huo kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya watu waliotoka nje, na akauweka utawala wa Washirazi mwishoni mwa karne ya 12. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa wa kweli. Swali lake ndilo lililokuwa jembamba.

Miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walifukua Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, pwani ya Kenya. Chini ya msikiti wa Ijumaa wakakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwenzake, na wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti, wa mwishoni mwa karne ya 8. Mji ulianza na nyumba za miti na udongo, mawe yakaja baadaye. Vyungu vilivyotumika jikoni vilikuwa vya hapa hapa kwa wingi mno, vya jamii moja na vile vya wakulima wa bara. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye akawaunganisha watu wa mwanzo wa pwani na wakulima wafua chuma waliokuwepo karne nyingi kabla. Wanaisimu walikuwa wameshasema lao: Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kwa ulivyokieleza, kitabu chako cha kwanza kimesimama hapa, na hadi hapa kiko sawa. Miji ya pwani ni ya Kiafrika tangu msingi.

Tatizo ni lile neno "watupu", na ile kauli ya hadithi za kujikweza. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu za nchi za Kiislamu za nje, ambazo ya mwisho kati yake ni ya mwaka 1066. Humo mlikuwa na sarafu za Ali bin al-Hasan, jina lile lile la mwanzilishi katika historia ya Kilwa. Mtu ambaye Chittick alimshusha hadi karibu mwaka 1200 akapandishwa hadi karne ya 11, karibu zaidi na mahali ambapo wazee walimweka siku zote. Kisha Machi 2023 ukachapwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na bara yake ya karibu, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800, Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara vikiwemo. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya. Wakakuta kwamba katika makaburi mengi ya pwani nasaba imechanganyika: ya Kiafrika, iliyotoka zaidi kwa akina mama, na ya Asia, kwa sehemu kubwa ya Uajemi, iliyotoka zaidi kwa akina baba. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000.

Sasa mrudie Mrimba na binti yake. Mgeni mwanamume kutoka Uajemi, mwenyeji mwanamke wa hapa, na mtoto anayerithi nchi kwa babu mzaa mama. Simulizi lililodharauliwa kama ngano lilikuwa limehifadhi umbo la jambo lenyewe kwa karne nyingi, hata kama majina na idadi ya majahazi hatuwezi kuyaapia. Kwa hiyo bibi yako ana haki ya kununa.

Hata hivyo usikimbilie upande wa pili ukaandika kwamba Waajemi walijenga Kilwa. Damu haijengi msikiti. Waliopimwa wengi walizikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya heshima, yaani watu wa nafasi mjini, na huko Songo Mnara watafiti wameonyesha kwamba nyumba za udongo zilikuwa bega kwa bega na za mawe. Wakazi wa nyumba hizo za udongo hatujawasikia vya kutosha. Tena kujiita Mshirazi kuliongezewa uzito mwingine katika karne ya 20. Serikali za kikoloni ziliwagawa watu kati ya wenyeji na wasio wenyeji, kwa kodi, mahakama na shule. Kule Unguja wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, hata mgawo wa chakula ulifuata makundi hayo, na kundi uliloandikishwa liliamua kama utapata mchele. Mtu akibadili jina la kabila lake katika hali hiyo, hajawa mwongo. Analisha watoto. Mwaka 1957 jina hilo hilo likaingia katika chama cha siasa, Afro-Shirazi. Kwa hiyo bibi anaposema "sisi Washirazi", ndani ya maneno hayo mna kumbukumbu ya kale na mna maisha ya ukoloni. Muulize lipi analikumbuka kutoka kwa nani.

Jambo moja la kufanya na kitabu hicho kabla hujakiweka pembeni: fungua ukurasa wa taarifa za uchapaji uangalie mwaka wa toleo la kwanza, si wa chapa mpya. Vitabu vingi vinavyouzwa kama vipya ni vya miaka 20 au 30 iliyopita vikiwa na jalada jipya. Kisha tafuta kinasemaje kuhusu sarafu za Mtambwe Mkuu. Mwandishi anayeutaja ushahidi unaomsumbua na kujaribu kuueleza, mpe muda wako, hata kama mwisho hukubaliani naye. Anayeunyamazia huku akiwatukana waliomtangulia, mpunguzie imani.

Tuje jikoni. Mwandishi wa kitabu cha mapishi hajakosea kuhusu mimea. Mahindi, mhogo, nyanya, pilipili kali, karanga, korosho na viazi asili yake ni bara la Amerika, na njia zilizovileta zilifunguliwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Ndizi na nazi ni za Asia na visiwa vyake, ila zilifika zamani mno. Kosa lake ni kuchanganya asili ya mmea na asili ya pishi. Ugali haukuja na mahindi. Watu wa nchi hizi walisonga unga wa mtama, uwele na ulezi, nafaka zilizozaliwa Afrika, kabla hajatokea mtu aliyeona gunzi. Mahindi yaliingia katika pishi lililokuwepo, na hayakushika nafasi ya kwanza kwa wengi wa bara mpaka karne ya 20, yakisukumwa na mashamba ya walowezi, posho za vibarua na chakula cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwiko, mkono unaosonga, namna ya kumega tonge na kuchovya: hivyo ni vya kale. Unga ndio mgeni.

Na wali wa pwani una umri ambao wengi hawaudhanii. Mabaki ya nafaka zilizoungua yaliyofukuliwa Pemba yanaonyesha kwamba Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu walikula uwele zaidi na mchele kidogo, ilhali Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa Mombasa wanaishi kwa ndizi na samaki. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na embe. Hakuna nyanya humo, wala kiazi. Mimi huona ukurasa ule una faida kwa mpishi wa leo kuliko mabishano mengi ya asili, kwa sababu unakuonyesha ukali na uchachu wa chakula chetu ulitoka wapi kabla nyanya haijaja: ndimu, embe mbichi, tangawizi, na kwa bibi yako bila shaka ukwaju.

Kwa upande wa baba yako hadithi ni nzuri vile vile. Mgomba ulitoka mbali, lakini wakulima wa nchi za maziwa makuu, Buhaya ikiwemo, waliutunza kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakachagua machipukizi, wakapata aina kadhaa za ndizi za kupika na za pombe ambazo hazipatikani huko mgomba ulikotoka. Mkulima aliyezalisha aina mpya ya ndizi na kuipa jina kwa lugha yake, utamwambiaje kwamba si yake?

Kwa hiyo katika kitabu chako usitafute pishi lisilo na mgeni ndani yake, hutalipata popote duniani. Andika chini ya kila pishi nani alimfundisha nani, lilipikwa kwa chungu gani na kuni gani, siku gani za mwaka, na kabla ya kiungo fulani kupatikana dukani walitumia nini. Bibi yako pekee anaweza kukujibu hilo la mwisho. Vitabu vyote vitatu haviwezi. Ukikaa naye, anza na chakula kabla ya ukoo. Wazee wakiulizwa asili hujibu kama wanaotetea kesi, wakiulizwa namna mama zao walivyopika husimulia kwa raha, na mambo ya ukoo hutoka humo yenyewe.

Dibaji yenyewe iwe fupi na iseme inachosimamia. Unaweza kuandika, kwa mfano: "Bibi anatuhesabu katika Washirazi wa Kilwa. Historia ya zamani ya Kilwa inawataja, na utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba baadhi ya baba wa miji hii walitoka Uajemi kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, na mama zao walikuwa wa hapa. Lugha tunayoisema ni ya ukoo wa lugha za hapa." Kisha nenda jikoni. Ukipenda kuongeza, sema kwa maneno yako kwamba aliyebaki na watoto, akawafundisha kusema na kupika, kwa kawaida alikuwa mama. Hiyo ni hoja, haijapimwa maabara, lakini kwa kitabu cha mapishi ni hoja inayostahili.

Sasa la mirathi, ambalo ndilo la haraka.

Kauli kwamba mila zilitungwa na wakoloni ina ukweli, ila imerahisishwa mno, na ukiisema hivyo mbele ya wazee wa Kihaya watakushinda kwa sentensi moja: ardhi ya ukoo ilikuwepo kabla ya Mjerumani na Mwingereza. Ni kweli ilikuwepo. Kilichotokea wakati wa ukoloni ni kwamba kanuni zilizokuwa zikijadiliwa kikao kwa kikao, kwa kutazama mtu na mazingira yake, ziligandishwa kwenye karatasi. Maofisa kama Hans Cory walizunguka wakiwauliza machifu na wazee, karibu wote wanaume, na kazi yake kuhusu sheria za Wahaya ikachapwa mwaka 1945, wakati kahawa ilikuwa imeshaipa ardhi ya Buhaya thamani ya fedha. Ukimuuliza mwenye mali kanuni ya mali, unajua atakavyojibu. Baada ya Uhuru serikali ikataka kuunganisha mila za makabila ya upande wa kuumeni, na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 likaweka warithi katika madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wana wengine, kisha mabinti daraja la tatu. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo ataitumia lakini hataiuza, ila kama hakuna mwanamume wa ukoo. Yaelekea baba zako wadogo wanaposema "mila", wanasimama juu ya kanuni hii, wajue wasijue.

Ona basi: hata kanuni hiyo yenyewe haisemi binti hapati kitu. Inampa matumizi.

Na mambo hayakuishia 1963. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje, na mtoto wa ndugu yake akapinga. Jaji akasema kanuni inayomnyima mwanamke haki ya kuuza, wakati mwanamume anayo, inapingana na haki ya usawa iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mwanamke akashinda. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zikaimarisha hilo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayowanyima wanawake kumiliki au kutumia ardhi. Lakini sitakudanganya kwamba njia ni nyeupe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu Dar es Salaam ilikubali kwamba kanuni hizi za urithi zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania imekiuka haki za walalamikaji wa kesi hiyo. Kwa hiyo unaweza kushinda, ila utahitaji mtu anayejua njia.

Ndiyo maana nasema kitabu cha historia ya sheria hakitakushindia kesi. Hakimu hahukumu nani aliitunga mila. Atataka kujua sheria ipi inatumika kwa marehemu, na hapo maisha ya baba yako yana uzito. Mahakama zetu huangalia mtu aliishi vipi: kijijini kwa kufuata mila, au mjini, kwa dini gani, aliacha wosia au la. Kama alikuwa Mwislamu na aliishi hivyo, binti ana fungu lake lililotajwa. Kama aliishi kwa namna nyingine, mila inaweza isihusike kabisa. Na kwenye kikao, hoja yenye nguvu ni usawa wa ibara ya 13 ya Katiba pamoja na sheria za 1999, si kosa la Mwingereza. Wazee hupenda kubishana kuhusu wazungu mpaka jua lizame. Katiba ya nchi yao ni vigumu zaidi kuipuuza.

Hapa mimi mwanahistoria nafika mwisho wangu, na unatakiwa kumwona mtu ana kwa ana. Mtafute wakili, au kama uwezo ni mdogo nenda Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambao hutoa msaada wa kisheria. Chukua cheti cha kifo, wosia kama upo, karatasi yoyote ya kibanja, na majina ya warithi wote. Uliza kwanza kama kuna mtu ameshafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu anayeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ndiye atakayeshika mali, na muhtasari wa kikao cha ukoo ndio unaopelekwa kumpendekeza. Ukihisi shauri limefunguliwa bila wewe kujua, usingoje kikao. Nenda mahakamani uulize namna ya kuweka pingamizi, maana pingamizi la mapema ni rahisi kuliko kudai mali iliyokwisha kugawanywa. Kikao kikiitishwa, nenda, wasalimie wazee kwa heshima zote, sema unachodai, hakikisha kimeandikwa, na usitie saini muhtasari ambao hujausoma mpaka ukurasa wa mwisho.